Dakika 81, nyimbo 4: mbona kuna watu wanaifia albamu hii?

Wiki mbili hizi kijiwe cha kahawa kilicho mbele ya kibanda changu cha kutengeneza redio hapa Ngamiani hakijaongea mpira, na kama unaijua Tanga utajua hilo ni jambo zito. Kosa ni langu. Mzee mmoja wa Chumbageni, baharia mstaafu, kaniletea pleya yake ya santuri imekatika mkanda, na kwa kuwa ukishabadili mkanda lazima ujaribu kama kasi imerudi sawa, akaniachia na santuri mbili zilizo kwenye jalada moja, albamu ya Tales from Topographic Oceans ya bendi ya Yes, akasema "hizo ndo za kujaribia fundi, zikilia sawa hizo basi kila kitu kitalia sawa." Nikaziweka. Zikalia. Tangu siku hiyo sijapumzika.

Swali la kwanza lilikuja hata kahawa haijapoa, huu wimbo unaisha saa ngapi? La pili, hawa watu wanaimba nini? La tatu likaja kwa sauti ya chini toka kwa jamaa yangu mmoja wa swala tano, fundi, huo si muziki wa kishetani kweli? Alafu mpwa wangu, yuko fomu foo, akachomoa simu akaanza kupekua, akatusomea kwamba kuna watu wanaiweka albamu hii kwenye orodha ya vitu vibovu kabisa vilivyowahi kurekodiwa na kuna wengine wanasema ndo kitu kizuri kuliko vyote walivyosikia maishani mwao. Hapo ndo vurugu ikaanza. Inakuwaje kitu kimoja, huyu akitupe jalalani, yule akililie machozi? Nimeulizwa mpaka mdomo umechoka, ngoja niandike watu wasome wenyewe.

Tuanzie chini kabisa. Albamu ni mkusanyo wa nyimbo unaotoka pamoja, hilo halina shida. Santuri ndo lile sahani jeusi la plastiki, lina pande mbili, upande wa kwanza ukiisha unageuza kama chapati. Shikeni sana hilo neno upande, kesi yote imelala hapo. Albamu yetu inaitwa Tales from Topographic Oceans, yaani kama hadithi za kutoka kwenye bahari zenye milima na mabonde yake, bendi ni Yes ya Uingereza, ilianzishwa London 1968, na albamu imetoka Desemba 1973. Ni santuri mbili, kwahiyo pande nne, na kila upande una wimbo mmoja tu. Mmoja! Nyimbo nne, kila mmoja unacheza kwenye dakika 20, jumla kama dakika 81 hivi. Ndo maana jamaa aliuliza wimbo unaisha saa ngapi, alikuwa na haki yake.

Aina ya muziki wenyewe ni progresivu roki, wapenzi wake wanaita progu kwa kifupi. Roki unaijua, gitaa la umeme, besi, dramu, mtu anaimba kwa nguvu. Mwishoni mwa miaka ya 60 Uingereza kukawa na vijana wanapenda roki lakini wanapenda pia jazi na ule muziki wa okestra wa Ulaya, wakajiuliza kwanini wimbo lazima uishe dakika ya tatu, kwanini mapigo yasibadilike katikati, kwanini tusianze polepole tupande mlima tushuke tupande tena. Hiyo ndo progu.

Mfano ninaoutumia kijiweni ni huu. Wimbo wa redio ni bodaboda ya kutoka Ngamiani kwenda Raskazoni, unapanda, upepo kidogo, umefika, unalipa, basi. Progu ni basi la Lushoto. Unatoka mjini, Muheza, Korogwe, tambarare tu unasinzia, mpaka Mombo, na pale ndo safari inapoanza, zile kona kilomita 30 na kitu. Gari linapinda unaona bonde liko kushoto, dakika kumi mbele bonde lilelile liko kulia kwako na sasa uko juu yake sana, ni hilohilo lakini si hilo. Jirani yako katapika kwenye mfuko wa nailoni. Mwingine kabandika uso dirishani anaomba gari lisifike. Basi moja, nauli moja. Ukiulizwa mbona wasiinyooshe barabara utajibu nini, mlima ndo ulivyo.

Na lile bonde la kushoto linalokuja kulia ndo ufundi mkubwa wa muziki huu, nisikieni vizuri hapa. Kwenye upande wa kwanza kuna vipande vya sauti unavisikia mwanzoni, vidogo, unavipita tu. Baadae sana, ushavisahau, vinarudi vimevaa nguo nyingine, ala nyingine, mwendo mwingine, na kuna kitu moyoni kinashtuka kama umekutana na mtu wa kwenu ugenini. Anayesikiliza mara ya kwanza hawezi kushtuka maana hana alichokisahau. Ndo maana mara ya kwanza karibu kila mtu anaona ni fujo. Huu muziki umetengenezwa kwa ajili ya mara ya tano.

Haya, ilikuwaje mpaka watu wazima wakafanya hivyo? Mwaka uliotangulia, 1972, Yes walitoa Close to the Edge, albamu ya nyimbo tatu, mmoja ukijaza upande mzima, watu wakaipenda sana. Mpiga dramu wao Bill Bruford akaondoka akaenda King Crimson, bendi nyingine ya progu, akaja Alan White, ambae alikuwa kapiga dramu kwenye albamu ya Imagine ya John Lennon, akapewa siku tatu tu kujiandaa kabla ya shoo ya kwanza. Machi 1973 Bruford akafunga ndoa, na kwenye sherehe hiyo mwimbaji wa Yes, Jon Anderson, akakaa na Jamie Muir, mpiga ngoma mwingine wa King Crimson, huyo ndo akamwelekeza kwenye kitabu cha Paramahansa Yogananda, bwana wa Kihindi aliyeandika habari za maisha yake. Anderson akaenda nacho ziarani Japani. Hotelini Tokyo akakuta tanbihi, ile maandishi midogo ya chini ya ukurasa ambayo mimi na wewe tunairuka, inaeleza aina nne za maandiko ya Kihindu. Nne. Akaona albamu nzima hapohapo, maandiko manne nyimbo nne.

Yaani dakika 81 zimetoka kwenye tanbihi. Mie hapo huwa nacheka peke yangu.

Anderson na mpiga gitaa Steve Howe wakaanza kutunga usiku usiku kwenye mahoteli wakiwa ziarani, Savannah kule Marekani walikesha mpaka alfajiri kwa mwanga wa mishumaa. Na hapa ndo mbegu ya ugomvi ilipoanguka, kwasababu bendi ina watu watano, wawili wamekuna nazi wamepika, watatu wameitwa mezani wakakuta sahani zimeshapakuliwa. Chris Squire wa besi na Alan White wakakubali wakaingia kazini. Rick Wakeman wa kinanda hakuridhika kabisa, na hakuwahi kuificha hiyo, mpaka leo anaisema.

Kwenye kurekodi Anderson alitaka waende msituni usiku. Msituni! Wenzie wakauliza umeme tutachomeka wapi. Basi wakarekodi Morgan, studio ya London, ila ili bwana asikie yuko shamba wakaleta marobota ya majani makavu, uzio wa mbao na ng'ombe wa makaratasi magumu akasimamishwa humo ndani. Mjini London studio imekuwa zizi. Na chumba cha pili walikuwa Black Sabbath, bendi ya roki nzito, wanarekodi yao, wale ndo ukiona majalada yao unasoma dua kwanza, na Wakeman akichoka na ng'ombe anatorokea kwao, akawapigia kinanda kwenye wimbo wao mmoja, Sabbra Cadabra. Kwahiyo yule rafiki yangu wa swala tano jibu lake ni hilo, wanaotisha walikuwa chumba cha pili bwana, hawa wetu walikuwa na majani ya ng'ombe. Maneno yao ni ya jua, bahari, kumbukumbu, alfajiri. Wimbo wa mwisho una maneno ya Kifaransa yanayosema sisi ni wa jua. Unaweza kusema hayaeleweki, hilo sitabisha, lakini shetani hayumo.

Sasa turudi kwenye upande, maana hapa mie kama fundi ndo nina la kusema kuliko wachambuzi.

Ukichukua santuri ukaitazama kwa jicho la karibu kwenye mwanga, zile mistari unazoziona si mistari mingi, ni mfereji mmoja tu umejizungusha kutoka ukingoni mpaka katikati. Sindano inatembea humo, mfereji ukiyumba sindano inatikisika, huo mtikisiko ndo sauti. Besi kubwa inataka mfereji uyumbe sana, yaani inataka nafasi. Ni kama shamba la muhogo, shamba ni lilelile, ukitaka matuta mengi itabidi uyabananishe, ukiyabananisha muhogo unakuwa mwembamba. Ukitaka upande uwe na dakika nyingi unabananisha mifereji, sauti inashuka, besi inakuwa kama mtu aliyefunga mdomo. Mafundi wa santuri kubwa wanajua ukipita dakika 22 hivi kwa upande umeshaanza kulipa gharama. Upande wa nne wa albamu hii una dakika 21 na kitu. Wamejaza shamba mpaka kwenye ua.

Hapa kwetu tatizo hilohilo lilikuja kinyume chake. Enzi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi zetu za hapahapa Tanga, nyimbo za dansi zilikuwa zinatoka kwenye zile santuri ndogo, upande unabeba dakika tatu nne basi. Sasa wimbo wa dansi una maneno, alafu una sehemu ya magitaa ya kuchezea, hauingii wote, kwahiyo nyimbo nyingi za Afrika Mashariki zama zile zilikatwa, sehemu ya kwanza huku, sehemu ya pili ukigeuza. Wazee wanaokumbuka watakwambia ukumbini dansi limenoga mtu anakimbia kwenda kugeuza. Sie plastiki ilitukatia wimbo, wale plastiki iliwarefushia.

Na ndo malalamiko makubwa ya Wakeman. Anasema walikuwa na vitu vingi kuliko santuri moja lakini havikutosha santuri mbili, sasa pande nne zimeshaahidiwa lazima zijae, ikabidi vipande vingine vivutwevutwe kama unga wa maandazi uliopungua. Anasema zama za sidii wangekata wakabaki na vile vizuri tu. Mie nimesikiliza na sikio langu la ufundi, jamani ana hoja. Upande wa pili kuna mahali unakaa unakaa hakuna kinachosogea. Upande wa tatu dakika za mwanzo gitaa la Howe linapiga kelele kama bati linaburutwa kwenye sakafu, ngoma zinagonga huku na huku, wateja wangu wawili waliondoka na redio zao hazijatengenezwa. Alafu ghafla fujo yote inakatika linabaki gitaa kavu peke yake, lile lisilo la umeme, linapigwa taratibu na Anderson anaimba juu yake, na kijiwe kizima kikanyamaza, hata wa drafti walisimamisha kete. Sasa niulize, ungekata ile fujo, hicho kimya kingekuja vile? Hapo ndo mie na Wakeman tunapoachana.

Kuna uongo mmoja unatembea sana kwamba albamu ilidoda. Haikudoda. Uingereza ilipanda mpaka namba 1, Marekani namba 6. Watu waliinunua kwa vishindo, ugomvi ulianza baada ya kufika nayo nyumbani. Na ugomvi mwingine ulianza ukumbini, kwasababu Novemba 1973 bendi ilishaanza kuipiga jukwaani Uingereza na santuri bado haijatoka. Fikiria umelipa kiingilio unasubiri zile unazozijua, unapigiwa kitu cha saa nzima na zaidi hujawahi kusikia hata sekunde moja. Alika kikundi cha taarabu harusini hapa Tanga alafu wapige nyimbo nne mpya mpaka adhana ya alfajiri bila hata moja ya kutunzia, uone kama wataondoka na vinanda vyao.

Na Manchester ndo kikatokea kile kisa cha mchuzi, Wakeman mwenyewe anakisimulia. Wenzie wale walikuwa hawali nyama, yeye anakula na bia anakunywa. Kuna sehemu ndefu za muziki hana cha kupiga. Msaidizi wake akamuuliza ukimaliza shoo utakula nini, yeye akataja, kuku wa mchuzi mkali, pilau, papadi, bamia na vingine. Msaidizi kasikia vibaya, akadhani anataka sasa hivi, akaleta vifurushi palepale jukwaani. Mtu akapanga chakula juu ya vinanda akala, harufu ya bizari inapanda kwenye muziki wa maandiko matakatifu. Mei 1974 akaacha bendi. Akarudi 1976 baada ya mambo kupoa.

La maneno kutoeleweka. Hii nimeulizwa na mama mmoja anauza vitumbua hapa jirani, akasema we fundi unasikiliza kitu hukijui maana, nikamwambia dada yangu, zile nyimbo za sinema za Kihindi unazoziimba kuanzia mwanzo mpaka mwisho ukikaanga, ulisoma Kihindi wapi? Akacheka akanipa kimoja cha bure. Anderson huwa anachagua neno kwa jinsi linavyolia, si kwa maana tu, hata Waingereza wenyewe hawayaelewi kwahiyo usijione mnyonge. Kwenye upande wa tatu anaimba majina ya jua kwa lugha tofauti tofauti. Huhitaji kamusi hapo.

Na la kwamba wanaoipenda wanajidai wasomi, ni kweli wapo. Wapo kila mahali, hata kwenye kahawa yupo anaesema hii si kahawa mpaka iwe imekaangwa hivi na hivi. Lakini urefu wenyewe si wa kujidai, na sie watu wa pwani ndo wa mwisho kuushangaa. Mtu wa kwetu hapa Vibambani, Shaaban Robert, kaandika utenzi wa vita kuu ya pili una beti 3,000. Elfu tatu! Kuna anayesema ni mrefu mno, kuna anayekaa akausoma. Kwenye maulidi, na sifananishi ibada na gitaa, astaghfirullah, nasema subira tu, mtu anakaa chini masaa anasikiliza, anajua kabisa kisimamo kiko wapi, na kisimamo kingekuja dakika ya pili watu wasingesimama vile. Taarabu nazo, zile za kisasa, wimbo mmoja unakula robo saa na akina mama ndo kwanza wanafungua mikoba watunze. Urefu tunao. Tulichokosa ni kuzoea gitaa la Steve Howe.

Hadi hapa nimeeleza kitu chenyewe, bado sijaeleza mapenzi, na swali la mpwa wangu lilikuwa la mapenzi.

Watu wanadhani anayeipenda albamu hii anasema haina kasoro. Kinyume kabisa. Ongea na mpenzi wa kweli wa hii kitu, atakutajia hii sehemu ni ndefu mno, pale kinanda kimejificha, pale dramu zimechanganya. Anayeichukia ndo hajui kasoro zake, maana hajafika nazo mbali, kaishia dakika ya saba upande wa kwanza kasema ovyo. Njoo Mkwakwani siku Coastal Union inacheza, msikilize shabiki wa Wagosi wa Kaya aliyekaa kule juu juani. Beki huyu mzito, kipa yule anatoka vibaya, hakuna matusi ambayo hawajapata. Ubingwa wa nchi walichukua 1988, hesabu mwenyewe miaka. Wiki inayofuata yuko palepale na kofia ileile. Mgeni anaesema timu mbovu ndo atapigwa, na aliyosema ni yaleyale.

Na kila mpenzi wa albamu hii ana upande wake, ukitaka ugomvi uliza upi bora. Wengi utasikia wa kwanza au wa nne, na bendi yenyewe 2016 ilipoirudisha jukwaani ilipiga hiyo miwili mizima na kile kipande cha gitaa kavu cha wa tatu. Wa nne una sehemu besi ya Squire inaongea yenyewe, alafu kila kitu kinageuka ngoma tupu, ngoma juu ya ngoma, mpita njia mmoja akachungulia kibandani akauliza baikoko iko wapi leo. Mpwa wangu kachagua huo. Mie mwanzo niliona wa kwanza, sasa hivi sijui, nakuja kidogo kidogo kwa wa pili na naona aibu kusema, kwasababu wa pili ndo ulionilaza siku ya kwanza, nimeshika chuma changu cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya mkononi nikasinzia, kikachoma meza. Alama iko hapo, nyeusi, urefu wa kidole.

Lakini siku iliyofuata nikaurudia, na iliyofuata, kwasababu mzee alikuwa hajaja kuchukua vitu vyake na sina santuri nyingine. Hii nayo ni sehemu ya siri. Kijana wa 1973 kanunua santuri mbili kwa hela aliyoikusanya, hana nyingine mpaka mwezi ujao, ataisikiliza tu, apende asipende, anaipiga huku anatazama jalada. Na jalada lenyewe, kalichora Roger Dean, linatazamika. Ardhi kavu, miamba, piramidi ya Wamaya jua liko nyuma yake, na samaki wanaogelea hewani juu ya nchi. Nilimwonyesha mvuvi mmoja wa Deep Sea anayeniletea redio yake, akaligeuza, akalisogeza karibu, akasema hawa ni samaki wa chumvi lakini maji yameenda wapi. Kazungumzia hao samaki mpaka kahawa ikaisha. Leo mtu ana nyimbo zote za dunia kwenye simu, wimbo usipomkamata sekunde ya kumi kidole kimeshapita. Sisemi zamani ilikuwa bora, mie mwenyewe kidole changu kinapita. Nasema tu kuna vitu vinahitaji ukwame navyo, kama abiria wa lile basi la Lushoto, ukishapita Mombo hushuki.

Alhamisi mzee akaja. Kanzu, kofia ya kiua, fimbo. Nikamwambia shikamoo babu, mashine iko tayari, akasema marahaba mwanangu, haya nisikie. Nikauliza niweke upande upi. "Wa pili." Kijiwe kizima kikatazamana, maana ndo ule wa usingizi. Nikaweka sindano, akakaa kwenye kiti cha plastiki, macho kafumba, vidole juu ya kichwa cha fimbo. Alisema aliinunua Hamburg meli ikiwa inasubiri mzigo, hakuijua bendi, aliwapenda samaki. Miezi ya baharini alikuwa nayo hiyo na nyingine mbili.

Ilipofika kama katikati kuna mkwaruzo, sindano inaruka, nimeujua wiki mbili nzima na unaniudhi kila ukifika. Ikaruka. Yeye hata jicho hakufungua, akaguna kidogo kwa mdomo, mapigo mawili matatu, akaingia nao upande wa pili wa mkwaruzo sawia kabisa.

Mpwa wangu kaona amfurahishe, akasema babu ngoja nikusikilizishe safi, kwenye simu ipo haina mikwaruzo. Akauweka uleule wa pili, akasogeza mbele mpaka karibu na mahali pale, akampa simu masikioni. Mzee katulia. Muziki ukafika pale, ukapita, laini, bila kuruka. Kafungua macho akaitazama ile simu, akanitazama mimi.

"Fundi," akasema, "hapa wamekosea."